Sanduku la Mama

Umeme ukikatika nyumbani kwetu Kisaka, mama huanza kwa kuagiza: "Hebu tazameni kwa jirani." Mtoto mmoja hutoka nje, huangalia ng'ambo ya shamba la mihogo, kisha hurudi na jibu. Taa za jirani zikiwa zinawaka, uniti zetu za LUKU ndizo zimeisha, na mtu atafute salio kwenye simu yake. Kwa jirani nako kukiwa giza, basi giza ni la wote, na mama huinama chini ya kitanda akavuta sanduku lake.

Ni sanduku la bati, rangi ya kijani iliyobabuka, lile nililokwenda nalo shule ya bweni. Ndani mna tochi mbili za kuchaji, taa moja ya sola yenye kipini cha kuning'inizia, mishumaa minne, kibiriti kilichofungiwa ndani ya kopo la dawa kisipate unyevu, simu ndogo ya kitochi iliyojazwa chaji na kuzimwa, koroboi moja iliyokauka, na kipande cha utambi wa chemli. Chemli yenyewe haimo. Hiyo nitaieleza baadaye, maana ni deni langu.

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi. Nimewaandikia wanafunzi ubaoni miaka ya reli, ya vita, ya uhuru na ya mabwawa ya umeme. Sikuwahi kufikiri kwamba sanduku lile nalo ni historia, tena ya mambo ambayo vitabu vyangu havikuwa na nafasi nayo: namna watu walivyojiandaa kwa giza kabla halijaingia, na nani aliyefanya kazi hiyo.

*

Historia ya kwenye vitabu ni fupi. Umeme wa kwanza wa umma katika nchi yetu uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908 na serikali ya kikoloni ya Wajerumani. Ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakoloni wenyewe. Waingereza walipokabidhiwa nchi, mwaka 1920 waliunda idara ya serikali ya umeme ili iendeshe mitambo iliyoachwa. Mwaka 1931 kazi hiyo ikapewa kampuni binafsi mbili, TANESCO na DARESCO, na miaka ya 1930 maporomoko ya mto Pangani yakaanza kuzalisha umeme kwa ajili ya mashamba ya mkonge ya Tanga. Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ikaanza kununua hisa za kampuni hizo.

Katika miaka hiyo yote hakuna waya uliofika upande wetu wa Ngoreme, kati ya Mugumu na mto Mara, ambako ng'ambo ya maji ni Tarime. Wazee wetu walikuwa na akiba ya aina nyingine. Bibi, mama yake mama, kila usiku kabla ya kulala alichagua kaa moja kubwa la mti mgumu, akalifukia ndani ya majivu katikati ya mafiga. Asubuhi alilifukua, akaliwekea nyasi kavu, akapuliza. Kaa likizimika, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae cha chungu kuomba moto. Kuomba moto halikuwa jambo la aibu, lakini mwanamke ambaye mtoto wake alionekana na kigae kila asubuhi alisemwa.

Mtu akitaka kutoka usiku kuangalia ng'ombe zizini aliwasha kienge cha nyasi, akakimbia nacho kabla hakijamfikia vidole. Mwaka 1974, katika operesheni ya kuhamia vijijini, bibi alihamishwa na nyumba yake yote. Alipenda kusimulia kwamba vyombo vilitangulia kwenye gari, naye akafuata kwa miguu na kaa lake ndani ya kigae, akilifunika majivu kila alipopumzika. Sisi wajukuu tulicheka. Kulikuwa na viberiti madukani wakati huo, tulimwambia. Alijibu: "Kiberiti ni cha duka. Kaa ni langu."

Nilichukulia jibu hilo kuwa ukaidi wa kizee. Leo naliona kuwa swali ambalo kila nyumba inapaswa kujiuliza kuhusu mwanga wake: kipi ni changu, na kipi ni cha mtu mwingine anayeweza kufunga mlango?

*

Mafuta ya taa yalifika vijijini ndani ya madebe, na alama yake bado ipo midomoni mwetu. Hadi leo tunapima mahindi kwa debe, na watoto wanaojua kwamba gunia lina madebe mangapi hawajui kwamba debe lilikuja kama chombo cha mafuta kabla ya kuwa kipimo cha nafaka. Debe likitoboka halikutupwa. Lilifunika paa, likawa mlango wa banda la kuku. Na makopo madogo, ya maziwa au ya dawa, yakaenda kwa fundi, yakarudi yakiwa koroboi: kopo, mfuniko wenye kijibomba, na utambi wa kitambaa cha pamba.

Chemli ilikuwa ngazi ya juu. Ilikuwa na kioo, ilistahimili upepo, na utambi wake uliweza kupandishwa na kushushwa. Yetu aliinunua babu alipouza fahali. Iliwashwa wageni wakija, au msiba ukitokea, au mtoto akiugua. Siku nyingine zote kulikuwa na koroboi moja iliyotembea na mama: jikoni, kisha chumba cha kulia, kisha ikazimwa.

Kwamba mwanga ulikuwa cha mtu mwingine, watu wa Mara walijifunza mapema. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katikati hapo kulikuwa na vita ya Uganda, bei ya mafuta ilipanda duniani, na fedha za kigeni zikaadimika. Mafuta ya taa yakawa bidhaa ya foleni pamoja na sabuni na sukari, na wenye miguu mizuri wakawa wanavuka mpaka usiku kwa magendo. Mama alikuwa msichana wakati huo. Anakumbuka kwamba walikula jua lingali juu, wakalala mapema, na kwamba mafuta yaliyobaki, kiasi cha nusu chupa ya soda, yalifichwa juu ya dari kwa ajili ya jambo moja tu: mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku. Hakuna aliyeyagusa kwa sababu nyingine.

Sitaki kuisifia koroboi. Asubuhi tulipenga masizi meusi puani. Na mwaka mmoja nilipokuwa darasa la tano, mdogo wangu wa kike alisoma hadi akasinzia, koroboi ikaangukia godoro la majani. Mama alilizima kwa ndoo ya maji ya kunywa na mikono yake miwili. Kovu la mdogo wangu linaanzia kwenye bega na kuishia juu ya kiwiko. Tangu siku hiyo koroboi haikuingia tena chumba cha watoto, na ilipowekwa mezani iliwekwa ndani ya sufuria pana yenye mchanga. Hiyo ndiyo sababu koroboi iliyomo sandukuni haina mafuta. Mama anaihifadhi kama mtu anavyohifadhi risiti ya deni alilokwisha kulipa.

*

Baba yetu alikuwa na tochi ya mawe mawili na redio ya mawe manne, na mawe yenyewe hayakutosha kwa vyote viwili. Kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, na mawe yake yalifika hadi maduka yetu. Yakichoka, tuliyaanika juani juu ya bati, na jioni yalitupa dakika chache zaidi. Kila usiku baba aliamua: taarifa ya habari, au tochi ya kwenda zizini? Wizi wa ng'ombe ulikuwa jambo la kweli, na mwizi hupenda usiku ambao mwenye mji anaogopa kumaliza mawe.

Kupitia redio hiyo, mwaka 1992, tulisikia jambo lililotuchekesha. Mijini kulikuwa na mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimepungua, na maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka. Bwawa hilo ndilo linalotunza maji ya mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Mtera yenyewe na ya Kidatu chini yake. Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975, ilikuwa na uwezo wa megawati 204, na nchi ilikuwa imeegemea humo. Mwaka 1994 mgao ukarudi. Tulikaa Kisaka tumezunguka koroboi yetu, tukisikiliza kwa nguvu ya mawe yaliyoanikwa juani kwamba Dar es Salaam iko gizani. Baba alisema, "Poleni sana wenzetu," akaipunguza sauti ya redio.

Kicheko hicho hakikudumu, maana giza la mijini lina njia nyingi za kufika kijijini. Ukame wa mwaka 2005 na 2006 ulileta mgao mwingine. Mkataba wa majenereta ya dharura na kampuni ya Richmond ukaishia kwenye kashfa, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 21 Mei, Unguja nzima ikazimika. Waya uliopita chini ya bahari tangu mwaka 1980, ukileta umeme kutoka bara, ulipata hitilafu, na kisiwa kikakaa bila umeme karibu mwezi mzima. Desemba 2009 kikazimika tena, na safari hii umeme ulirudi Machi 2010. Kilichowaumiza watu wa Unguja kuliko taa kilikuwa maji, kwa kuwa pampu zake ni za umeme. Wanawake walibeba ndoo katika mji ambao mabomba yake yalikuwa ukutani, makavu. Aliyekuwa na kisima cha kamba au pipa lililojaa alikuwa na akiba kubwa kuliko mwenye mishumaa mia.

Kisha ukaja mwaka 2011. Mgao wa mwaka huo ulikuwa mkali kiasi kwamba mwezi Julai Bunge lilikataa kupitisha bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini hadi irudi na majibu. Sisi wa Kisaka tulikumbuka jambo lingine kwenye bajeti ya mwaka ule. Wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, ndani ya dizeli, na magari yakaharibika. Serikali ikaamua kuondoa faida ya uchakachuaji huo: ushuru wa bidhaa kwenye lita moja ya mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400 na senti 30. Kwa mwenye gari ilikuwa habari njema. Kwa mama, aliyenunua mafuta kwa kikombe, mwanga wa chakula cha jioni ulipanda bei ndani ya wiki chache. Alijaribu kupunguza utambi. Akajaribu kupika mapema. Jioni moja aliiweka koroboi juu ya rafu akaniambia kwenye simu, "Hii sasa ni ya matajiri."

*

Kilichoziba pengo hilo kilitoka mbali. Miaka ya 1990 wanasayansi wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walifanikiwa kutengeneza kitaa kidogo chenye mwanga wa buluu wenye nguvu, na kwa huo ikawezekana kupata taa nyeupe za LED. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Majina yao Kisaka hayajulikani, lakini kazi yao iko kwenye kila kiosko. Balbu ya zamani ilikula wati 60. Ya LED inatoa mwanga unaokaribia huo kwa wati nane au tisa. Betri ileile ikawa inadumu mara sita au saba zaidi, na paneli ndogo juu ya nyasi za paa ikawa na maana.

Kwanza zilikuja tochi za Kichina, nyepesi, za bei ndogo na zisizodumu. Zikaja simu zenye tochi kichwani, na pamoja nazo biashara mpya: mwenye mashine ya kusaga au mwenye jenereta aliweka meza, akachaji simu za kijiji kizima kwa shilingi mia chache kila moja. Mjomba wangu alibeba betri ya gari kwenye baiskeli kwenda kuichaji, akarudi nayo polepole asimwagikiwe na maji yake ya tindikali, ili tuangalie mpira. Alikuwa akiitumia mpaka taa zinakuwa nyekundu, na kila mwaka ilikufa. Baadaye tulielezwa kwamba betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na kwamba kuikausha kila usiku ni kuiua. Ya sola ndiyo inayostahimili kazi hiyo, nayo haipendi kushushwa chini ya nusu. Zikafuata kampuni za kuuza sola kwa mkopo wa kulipia kwa simu, mojawapo ikianzia hapahapa nchini, Arusha. Ukilipa taa zinawaka, usipolipa zinajifunga. Bibi angekuwa hai angetambua jambo hilo mara moja.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ulikuwa ukisogeza nguzo mwaka hadi mwaka. Kufikia mwaka 2024 serikali ilisema umeme umefika katika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Zilipofika kwetu, kuunganishwa kulikuwa shilingi 27,000, na mama alilipa kwa fedha ya mbuzi mmoja na chenji. Jioni ya kwanza tuliwasha kila taa, hata ya chooni. Mimi nilikuwa nimetoka Musoma kwa ajili ya siku hiyo. Niliitazama chemli ya babu imening'inia msumarini, nikasema, "Mama, hii sasa nenda nayo mimi. Nitaiweka sebuleni, ni kitu cha kale." Mama aliitoa, akaifuta kioo, akanipa. Utambi wake aliuchomoa kwanza. Badala yake nilimwachia taa kubwa ya kuchaji, ya kisasa, nikamwambia sanduku lake sasa liweke nguo.

Hakuweka nguo.

*

Usiku ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa mvua za vuli, nami nilikuwa likizo nyumbani. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tisa alasiri. Katika kijiji kilicho mwisho wa waya ndefu hatuulizi sana kwa nini: tawi limeangukia nyaya, radi imepiga, nguzo imeoza chini. Niliisubiri irudi, kama kila mtu. Simu yangu kubwa ilikuwa na asilimia sita, nikaiacha kwenye chaja ukutani ili umeme ukirudi ijichaji yenyewe. Saa nne usiku ikazimika.

Saa saba shemeji yangu, mke wa kaka, alianza uchungu wiki tatu kabla ya siku aliyoambiwa. Kaka alikuwa safarini. Niliamka nikapapasa ile taa kubwa ya kuchaji niliyoinunua mimi. Niliibonyeza, ikatoa mwanga wa rangi ya chai, ikazimika. Hakuna aliyeichaji tangu nilipoileta. Kila mtu alijua iko tayari kwa kuwa ilikuwa mpya. Nilisimama katikati ya nyumba niliyozaliwa nisijue mlango uko upande gani.

Kisha nikasikia sanduku linavutwa.

"Mura," mama aliniita, kama tunavyoitwa vijana wa huku hata tukiwa na mvi, "shika hii." Aliniwekea mkononi tochi. Ya pili alikuwa nayo yeye. Taa ya sola aliitundika kwenye boriti, nikamwona shemeji ameshikilia ukingo wa kitanda. Mama akaiwasha ile simu ya kitochi. Ilikuwa na majina machache tu: kijana wa bodaboda, jirani mwenye gari, muuguzi wa zahanati, na mimi. Kijana wa bodaboda alipokea mlio wa pili. Mvua ilikuwa kubwa, akasema, lakini anakuja.

Tulimpakia shemeji katikati, mama nyuma amemshikilia, mimi nikafuata mbio na mwamvuli usio na kazi. Zahanati nayo ilikuwa gizani. Muuguzi alitufungulia akiwa na simu yake mdomoni, mwanga wake ukimulika mikono. "Shikamoo," nilimwambia, ingawa huenda nilimzidi umri. Hofu hutupa adabu. Aliitoa simu mdomoni akauliza swali moja: "Mmekuja na taa?"

Mama alikuwa amekwisha kuivua ile ya sola chini ya khanga. Waliitundika dirishani. Niliambiwa nikae nje, nikakaa chini ya upenu nikihesabu saa za taa ile kichwani: mchana ule ulikuwa na mawingu, ilipata jua kidogo, itafika alfajiri? Ilifika. Mtoto alizaliwa kabla ya jogoo wa pili, wa kike, akapewa jina la mvua, kama wanavyopewa watoto wengi wa Mara wanaozaliwa ikinyesha. Muuguzi alimwambia mama, akimrudishia taa, "Hii imenifaa. Leo ningetumia meno."

Umeme ulirudi saa nne asubuhi. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo kama unavyofanya, na mimi nikaenda mbio kuchomoa runinga. Mama alikuwa amekwisha kuichomoa tangu jana yake, saa tisa alasiri, kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

*

Baada ya usiku ule ndipo nilipomuuliza kuhusu sanduku, na ndipo nilipogundua kwamba lina ratiba. Jumamosi asubuhi tochi hutolewa na kuchajiwa hata kama hazikutumika, kwa sababu betri iliyosahauliwa hufa kimyakimya. Taa ya sola hukaa juani kila siku na kurudi sandukuni kila jioni. Kitochi huwashwa mara moja kwa wiki, huangaliwa chaji na salio, huzimwa. Kibiriti huguswa kujua kama ni kikavu. Ndoo mbili za maji hufunikwa kila usiku. Mshumaa huwashwa juu ya kisahani chenye maji, kamwe si karibu na chandarua. Jirani yetu alipopata jenereta na kutaka kuiweka chumba cha nyuma isiibiwe, mama ndiye aliyemwambia kwamba moshi wake huua watu usingizini hata usiponuka, aiweke nje na mnyororo.

Yote haya huchukua chini ya nusu saa kwa wiki. Ameyafanya, kwa namna moja au nyingine, tangu alipokuwa msichana anayelinda nusu chupa ya mafuta darini, na kabla yake mama yake aliyafanya kwa kaa na majivu. Katika somo langu nilikuwa nimehesabu megawati za Kidatu na za Mtera, na sasa nahesabu 2,115 za bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia kazini Februari 2024. Nafurahi nikizihesabu. Lakini tarehe 1 Aprili ya mwaka huohuo gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikazimika, nayo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, watu wakiwa na wageni na nyama kwenye majokofu. Bwawa kubwa haliondoi sanduku chini ya kitanda. Linapunguza tu siku za kulifungua, na hizo ndizo siku ambazo mtu husahau kuchaji.

Sasa nawaambia wanafunzi wangu waende nyumbani wakaulize: giza likiingia kwenu, nani anajua kiberiti kilipo? Wanarudi na majibu ya kila aina, ila jina ni karibu lilelile: mama, bibi, shangazi, dada mkubwa. Tunayaandika ubaoni chini ya mwaka 1908.

Pasaka iliyopita nilirudi Kisaka na chemli ya babu. Nilikuwa nimeisafisha, nimenunua utambi mpya na lita moja ya mafuta. Nilidhani mama atafurahi, na mimi nitakuwa nimelipa. Aliipokea, akaigeuza, akaangalia kioo kama kina ufa. Kisha akaniuliza bei ya mafuta, nikamwambia.

"Rudi nayo," alisema. "Sebuleni kwako ndiko mahali pake. Mafuta niachie, nitapaka mlango wa banda, mchwa wamezidi." Akalivuta sanduku, akampa mjukuu wake, dada mkubwa wa yule mtoto wa mvua, tochi mbili aziunganishe kwenye chaja, ilikuwa Jumamosi. "Wewe ukija mara nyingine," akaendelea, "niletee taa ya sola kama ile, yenye tundu la kuchajia simu. Moja nitampelekea muuguzi."

Nimeiandika kwenye daftari. Chemli iko nami Musoma, na safari hii ina mafuta nusu na utambi uliokatwa vizuri. Kila Jumamosi naigusa.